Bwawa la Mrangi

Harufu ya klorini ikinipata ghafla, mdomo hunijaa mate. Si mate ya hamu. Ni yale yanayotangulia kutapika.

Nimefanya kazi nyingi kwa mtu aliyeishia kidato cha nne. Nimekuwa utingo wa malori ya Tunduma, nimeuza mitumba Makambako, nimelinda ghala la pamba Shinyanga, nimepanga vyumba katika miji ambayo sasa sikumbuki hata rangi ya kuta zake. Siku hizi naendesha boza la maji hapa Dodoma. Mji umepanuka, na wenye nyumba mpya wanachimba mabwawa ya kuogelea nyuma ya nyumba zao. Maji ya bomba yakisuasua, sisi wenye maboza ndio tunaoyajaza.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye nyumba moja ya namna hiyo. Bwawa lilikuwa tayari, vigae vya buluu vinang'aa, na pembeni yake jakuzi la duara kama chungu. Mwenye nyumba, mama wa makamo anayeongea taratibu, aliniletea chai na mkate. Nikiwa nakunywa, fundi wake akafungua ndoo ya dawa nyeupe akaanza kuinyunyiza. Niliweka kikombe chini. Yule mama akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni vumbi tu la barabarani. Bwawa lilijaa kabla boza halijaisha, na akaniambia maji yaliyobaki niondoke nayo, nikawape ninaowapenda. Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kijijini kwetu, mahali ambapo simpendi mtu.

Baba yangu alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa. Alioa Mgogo na kujenga kwa wakwe zake, njia ya kwenda Kongwa, kwenye kiwanja alichomegewa na mjomba Chali, kaka mkubwa wa mama. Mwanamume anayeishi ukweni hujifunza kuongea kwa kipimo, lakini baba hakupata nafasi ya kujifunza, kwa sababu hakuwa akiishi pale. Utoto wangu wote wa mwanzo alikuwa Dar es Salaam, akitunza bwawa la hoteli moja ya ufukweni. Alikuja na biskuti, akaondoka. Kisha akaja akakaa. Hoteli ilikuwa imepata mwenyewe mwingine, naye alikuja na watu wake. Baba alishuka kwenye basi na magunia ya vigae vilivyomeguka pembeni, kaptula ya kuogelea, na kopo la dawa nyeupe.

Alinifungulia lile kopo ninuse. Harufu ikanichoma mpaka machoni. Akasema hiyo ndiyo harufu ya maji safi. Mimi nilikuwa najua maji yananuka mchanga na mbuzi, kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini kwamba maji yakiwa safi kweli, lazima yaume.

Hakukaa hata wiki akaanza kuchimba nyuma ya tembe yetu ya udongo. Watu walidhani ni choo, na walimsifu kwa ukubwa wake. Alipowaambia ni bwawa la kuogelea walicheka mpaka wakakaa chini. Mkumbuke ni wapi tunapozungumzia. Ninyi mliokulia uwanda ule mnakijua kiangazi chake: mibuyu imekonda, upepo unabeba mchanga mpaka kwenye mlenda, unatafuna ugali huku meno yanalia. Maji tuliyachota korongoni, mto usio na maji, ambako kila mama alikuwa na kisima chake mchangani. Unachimba mpaka unaingia kiunoni, unangoja maji yajikusanye, unayachota kwa kata, na jioni unafunika kisima kwa matawi ya miiba. Kisima chake mama aliachiwa na bibi. Mtu wa nje hakichoti bila kuomba, na anayenyimwa kisima katika korongo lile amenyimwa kijiji.

Baba hakucheka nao. Miaka yote aliyokuwa hotelini alinyoosha wavu kutoa majani na nzi juu ya maji, na hakuruhusiwa kuzamisha mkono kupita kiwiko. Wageni waliogelea, watoto wao walikojoa humo, yeye alisafisha. Kuogelea alijifunza baharini alfajiri, kabla ya zamu. Aliponieleza haya alikuwa ndani ya shimo, mchanga umemganda mgongoni, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesimulia. Ilikuwa ya mtu anayegombana na asiyekuwepo.

Kando ya shimo kubwa alichimba dogo la duara. Hili, alisema, ni la kukaa na maji ya moto, pipa litawekwa kwenye moto huku juu na bomba litashuka. Akalipa jina kabisa: la Mama Idi, kwa ajili ya mgongo wake. Mama, aliyekuwa ametua ndoo muda huohuo, alilitazama lile duara.

"Mgongo wangu hauumwi baridi, Baba Idi," alisema. "Unaumwa maji."

Watoto wenzangu walinieleza kwamba baba anatengeneza chungu cha kupikia watu, na kwamba nitaanza mimi kwa kuwa niko karibu. Sikuwaamini sana. Lakini nililala miguu nimeikunja.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Kwetu, anayejenga huwa chini ya macho ya watu kila mawingu yanapoanza kukusanyika, kwa sababu mvua ni adui wa udongo mbichi, na mwenye tofali mbichi ana sababu ya kuitaka mvua ikae mbali. Ndiyo maana mafundi wa pale wakisikia radi huweka mwiko chini, hata kama udongo unakauka, watu waone kwamba hawashindani na mbingu. Baba aliyajua hayo kwa kuyasikia. Hakuyajua mwilini, kama anavyoyajua aliyezaliwa pale.

Alikuwa ameshamwaga zege chini na anapandisha kuta kwa tofali. Mchana mmoja mjomba Chali akapita na wanaume waliotoka kuzika. Yeye na baba walikuwa na utani wa mashemeji, mkali, wa kila siku. Mjomba alikuwa akimwambia Warangi huko milimani huoga kwa kijiko. Baba alimjibu kwamba Wagogo hawaogi, hungoja kufa waoshwe. Siku hiyo mjomba aliegemea fimbo yake, akachungulia shimo.

"Shemeji, mvua ikikuta hujapiga lipu, si litamomonyoka lote hili?"

"Haitanyesha," baba akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye pima maji yake. "Nimeifunga. Nikimaliza lipu nitawafungulia."

Mjomba alicheka. Nataka hili lieleweke, kwa kuwa baadaye alilikana: alicheka, akajipiga paja, akamwita baba mwizi wa mawingu. Na wenzake walicheka. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la vigae, nikaziona hata fizi zao.

Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu mimi peke yangu niliamini.

Mawingu yalikuja kwa wakati wake. Yalijaa upande wa Kongwa, yakawa meusi, tukasikia radi, tukanusa udongo uliolowa kwa wengine. Kisha yakapita. Yakaja tena, yakapita tena. Watu waliokuwa wamepanda mtama kwenye vumbi, kama desturi, walirudi shambani na kukuta panya na ndege wamefukua mbegu. Ndipo ule utani ukaanza kutembea kijijini bila kicheko chake. Kanisani mama alikokwenda, mchungaji alipoombea mvua alifumba macho. Waumini waliyafumbua na kututazama. Mwenye punda aliyekuwa akimletea baba maji ya ujenzi akasema punda anaumwa. Nilimwona punda huyo jioni ileile, mzima, amebeba maji ya watu wengine.

Wazee walikuja nyumbani asubuhi. Mjomba Chali ndiye aliyesema kwa niaba yao, na hakutumia neno shemeji hata mara moja mwanzoni. Walichotaka hakikuwa kikubwa. Baba asimame ukingoni mwa shimo, ajaze maji mdomoni, ayateme pande zote, na aseme: kama ni mimi, nimeachia. Basi. Hakuna mbuzi, hakuna faini.

"Kama ni mimi?" baba akauliza. "Chali, wewe unajua si mimi."

"Sema tu, shemeji. Ni maneno."

"Hata yale yalikuwa maneno."

Baba akawaeleza, kwa utulivu uliowaudhi zaidi, kwamba akitema na mvua ikanyesha, atakuwa ndiye aliyeifunga mpaka kaburini. Akitema na isinyeshe, watasema ametema nusu. Kwa hiyo hatemi. Waende wakaiulize mbingu. Mzee mmoja akamwambia Mrangi hana shukrani, amekaribishwa na sasa anatia watu kiu. Baba akaokota mwiko wake akashuka shimoni, akawaacha wanaongea na ukingo.

Siku iliyofuata mama alikuta kisima chake kimefukiwa. Si mchanga tu. Kilikuwa kimejazwa samadi ya mbuzi, ili asikichimbe tena. Wale waliokifukia walikuwa palepale, kila mmoja kwenye kisima chake, wamepiga magoti kwenye mchanga, wanachota. Waliitikia salamu yake. Mbukwa, wakasema, kwa adabu zote. Hakuna aliyeinua kichwa.

Tangu hapo mama alichota kwenye bomba la misheni, mbali, akitoka kabla ya jua na kurudi limeshachoma. Miguu yake ilipasuka visigino mpaka akawa anaiziba kwa nta ya mshumaa. Na baba, ambaye zege na kuta zake zilihitaji kumwagiliwa zisipasuke, alichukua maji katika ndoo ya mama. Si yote. Kata moja, kata nyingine. Alizimwaga taratibu juu ya kuta kama mtu anayenywesha mgonjwa, na mama alisimama mlangoni akitazama maji aliyoyabeba kichwani yakinywewa na ukuta.

Nilimchukia baba kwa chuki ambayo sijapata kumpa mtu mwingine, na nimekutana na wengi waliostahili. Wenzangu walikuwa wakimsingizia. Mimi nilikuwa na hakika. Alisema mwenyewe kwamba ameifunga. Kwa akili yangu mvua ilikuwa kitu, kama mwanambuzi, na nilijua hata ilipo: katika lile shimo dogo la duara, ambalo baba alikuwa amelifunika kwa bati na kuliwekea mawe. Kama si hivyo, alilifunika kwa nini? Kila nilipopita niliinamisha sikio. Upepo ulipoingia chini ya bati kulikuwa na sauti ya kuguna, na niliiambia ile sauti ivumilie. Kilichoniumiza si kwamba aliizuia. Ni kwamba angeweza kuiachia, akamwokoa mama na ile njia, na hataki. Mtu anayeweza na hataki ni mbaya kuliko asiyeweza. Hilo bado naliamini.

Mchana mmoja, baba akiwa ameenda kutafuta chokaa na mama hajarudi, niliyaondoa yale mawe nikalivuta bati.

Kulikuwa na mifuko ya saruji, magunia ya vigae, na kopo la dawa. Na chura mkavu, bapa kama soli ya ndala. Niliinua kila kitu. Nilipapasa ukuta. Nilikaa mle ndani mpaka kivuli cha ukingo kikanifika, na hapo mama alinikuta. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba kwamba baba hana mvua. Hana kabisa. Twende tukawaambie.

Mama alikaa ukingoni, ndoo bado kichwani.

"Wanajua," alisema.

"Wanajua nini?"

"Kwamba hana. Mjomba wako anajua, wote wanajua."

"Sasa kwa nini wamefukia kisima?"

Aliitua ndoo. "Walimwomba kitu kidogo, akakataa. Wangemwomba kikubwa wangemsamehe."

Umri wangu wa sasa ndio umenifanya nielewe jibu hilo. Siku ile nililisikia tu, na chuki yangu ikageuka kama kondoo wanavyogeuka njiani, wote kwa pamoja, ikawaelekea wao. Haijarudi.

Mama hakumuuliza baba. Jumapili watu walipotoka kanisani aliwaambia wapite nyumbani, na walikuja wengi, wengine kwa ubaya tu wa kutaka kuona. Mjomba alikuwa mbele. Baba alikuwa ndani; nadhani alidhani ni wageni wa mama. Mama akashuka katika lile shimo la duara, akiwa na kitenge chake cha kanisani, na akasema hili ni la kwake, mumewe alilichimba kwa ajili yake, kila mtu alisikia likitajwa. Kisha akajaza maji mdomoni kutoka kwenye kata, maji ya misheni, akayatema pande zote.

"Kama ni sisi," alisema, "tumeachia."

Mjomba akasema anayetakiwa ni mwanamume. Lakini bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akamkata: wamesikia, inatosha, au anataka watoto wafe ili yeye aone Mrangi akitema? Nilipogeuka nilimwona baba mlangoni. Alikuwa na mwiko mkononi, na lipu ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mwiko juu ya mguu wake.

Walipoondoka alimwambia mama, "Umeniharibia jina."

"Nimejipatia maji," mama akajibu, akaenda kubandika ugali.

Wanawake walikizibua kisima jioni ileile. Walikizibua wenyewe, wakatoa samadi kwa mikono yao, wakakichimba kuzidi kilivyokuwa, wakicheka na kumtania mama kama watu waliomkuta safarini wakamsaidia mzigo. Kicheko kile ni kibaya kuliko samadi.

Mvua haikunyesha siku ile wala kesho yake. Ilikuja baadaye, watu wameacha kuinua macho, ikaja kwa siku nzima na usingeweza kuona boma la jirani. Kuta za baba zilikuwa zimepigwa lipu upande mmoja tu. Shimo lilijaa maji mekundu, yenye majani na mavi ya mbuzi, na watu waliokuwa wakishangilia nje wakasogea mmojammoja kulitazama. Baba akatoka na kaptula yake ya hotelini. Akapita katikati yao bila salamu, akaingia, akaogelea.

Hakuna aliyewahi kuona mtu akiogelea. Alikwenda ukuta mpaka ukuta, uso ndani ya tope, mkono ukitoka na kuzama, akageuka kwa kuusukuma ukuta kwa miguu kama alivyowaona wageni wakifanya. Alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, mvua inampiga mgongoni, na hakuna aliyecheka wala kuondoka. Mimi niliruka ukingoni kwa furaha nikimwita. Niliona baba anacheza. Niliona mambo yamekwisha.

Kesho yake alipanda basi la Kondoa. Magunia aliyaacha, na kopo. Alitoka Kondoa akaenda nisikokujua, na habari zake ziliishia kwenye salamu za watu, kisha kwenye habari ya kifo. Mama hakumfuata. Alisema yeye ana kisima. Alikufa nikiwa Tunduma, na nilipofika walikuwa wameshamzika, mjomba Chali akiwa mwenye msiba.

Basi wiki iliyopita, kutoka kwa yule mwenye nyumba, niliingia kijijini na boza. Mwaka huu mvua imechelewa. Tembe imeshakuwa kichuguu, lakini bwawa lipo, na nilikuta chini yake maji ya kijani kidogo, mbuzi wamejipanga wanakunywa. Lile la duara wanafulia. Msichana aliyekuwa akichunga aliniambia bila kuulizwa kwamba hilo ni bwawa la Mrangi aliyekuwa akifunga mvua, na kwamba ni la ukoo wao. Ni mjukuu wa mjomba.

Nilifungua koki, na watu wakaja na madumu. Katikati yao wakamleta mjomba Chali, wamemshika mkono. Macho yamebaki kidogo, masikio yapo. Nikampa shikamoo. Akauliza ni Idi? Ni mimi. Akanyoosha kikombe cha bati.

Nilikijaza, lakini sikukiachia.

"Mjomba," nikasema, "jaza mdomoni. Tema pale bwawani. Sema: kama ni mimi, nimeachia."

Madumu yakaachwa yafurike.

"Idi," akasema, "ile ilikuwa ni maneno tu."

"Na haya ni maneno."

Nikakiachia kikombe. Mjukuu wake akamgeuza, akamsogeza mpaka ukingoni, miguu ikitafuta njia. Akavuta funda kubwa, mashavu yakavimba, na akasimama hivyo, uso ameuelekeza kwangu, ninavyofikiri, na maji yamejaa mdomoni.

Kisha akameza. Akajifuta ndevu kwa mgongo wa mkono, akaninyooshea kikombe niongeze.